Katwe: Hatari iko puani, si kwenye nyaya

Mfanyabiashara anayetoka Busia au Mutukula kununua majiko na masufuria Katwe, Makindye, hupokewa na harufu kabla ya kuambiwa bei. Ni thina ya wapaka rangi, gundi na petroli.

Wapo wanaoogopa zaidi nyaya za umeme mkubwa, wakidai kuwa nguvu zake za sumaku huharibu mwili. Mwaka 2002 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) waliiweka sumaku hiyo katika kundi la vitu vinavyoshukiwa tu. Benzini, iliyomo ndani ya petroli, imo katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani.

Tolueni, iliyomo katika thina na gundi nyingi, hupita mapafuni, huingia katika damu na kukimbilia ubongo, kwa sababu huyeyuka upesi penye mafuta. Mwanzoni huleta kizunguzungu na ulevi. Baada ya miaka, kumbukumbu hupungua na mwendo huyumba. Moyo nao waweza kusimama ghafla, hata kwa anayevuta mara ya kwanza.

Watoto wa mitaani wa Kampala huvuta gundi na mafuta ya ndege ili kusahau njaa. Kuna mtu mzima anayewauzia.

Aliyerejea nyumbani na kufungua gereji apake rangi mahali penye hewa. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Mchukuzi wa petroli aache kunyonya mpira kwa mdomo. Na mwenye duka asimuuzie mtoto gundi: faida hiyo ni ubongo wa mtu.