Kazi ya Karani, Sahani ya Kuli

Msimu wa korosho unapofunguka, mwezi Oktoba, maghala ya ushirika kwenye mwambao wa Lindi hujaa watu wa kazi mbili. Wapo makuli, wanaojitwika magunia ya kilo 80 na kuyapandisha kwenye malori tangu asubuhi hadi jua linapotua. Na wapo makarani, walioketi kando ya mizani na daftari, siku hizi na kompyuta mpakato, wakiandika jina la mkulima, uzito na daraja la mzigo. Mchana ukifika, wote huishia kwa mama lishe mmoja. Upawa ni uleule, wali wa nazi uleule, na mlima uleule juu ya sahani.

Kuli mlo wake anaulipia kwa jasho kabla ya alasiri. Karani je?

Zamani swali hili lisingemshughulisha mtu hapa Kilwa, mkoani Lindi, kwa kuwa makarani walikuwa wa kuhesabika. Leo hali ni nyingine. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioingia kwenye korosho mwaka 2007 na baadaye ukafika kwenye ufuta, unakwenda kwa karatasi, na karatasi inataka mwandishi. Kilwa Masoko imepata mradi wa bandari ya uvuvi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023, na bandari haiendeshwi na mabaharia peke yao. Halmashauri, benki, mawakala wa pesa za simu, ofisi za miradi ya gesi: kote huko kuna viti, na wengi wanaovikalia wametoka kwenye kazi za mwili. Mmoja alikuwa akivuta jarife Somanga. Mwingine alikuwa akikusanya chumvi mashambani, jua la utosi. Wa tatu ni dada aliyekuwa akifuata pweza miambani kila bamvua, kilomita za kutembea majini na fimbo mkononi. Wote watatu sasa wana vitambulisho shingoni, na baada ya mwaka mmoja wa kazi mpya suruali na magauni yameanza kusema.

Mtaani hakuna anayewahurumia. Watu wanawasifu. Kitambi cha kwanza cha mwajiriwa mpya hupokewa kama hati ya kupanda cheo: kazi imemkubali, mke anajua kupika, mambo yake safi. Akijaribu kukipunguza, maswali huanza. Kizazi kilichouona ukimwi wa miaka ya 1990 bado kinamtazama mtu aliyekonda kwa jicho la wasiwasi, na wapo wanaoogopa kupungua kuliko wanavyoogopa kisukari. Hili ni jambo zito, na ushauri wowote wa lishe usiolitambua utaishia kwenye mabango ya zahanati.

Takwimu za nchi zinaonyesha mkondo unavyokwenda. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulikuta wanawake wenye uzito uliozidi, kati ya wale wa miaka 15 hadi 49, wakiwa asilimia 22 mwaka 2010. Katika utafiti wa 2015-16 walikuwa asilimia 28, na wa mijini walikuwa karibu mara mbili ya wa vijijini. Uchunguzi mwingine wa kitaifa, wa mwaka 2012, ulikuta kisukari kwa watu wazima 9 katika kila 100. Kilwa Masoko si Dar es Salaam, lakini kila kiti kinachoongezwa pale kinausogeza mji upande huo.

Sasa turudi kwenye gunia. Magunia ya korosho ni ya nyuzi za juti, na mengi hutoka India na Bangladesh. Ilikuwa ndani ya kiwanda cha juti, huko Bengal Magharibi, ambako mtaalamu wa lishe Jean Mayer na wenzake walifanya uchunguzi ambao safu hii ingependa ubandikwe kwenye kila ghala la Lindi. Mwaka 1956 walichapisha habari za wafanyakazi 213 waliopimwa uzito na kuulizwa wanachokula, kuanzia wenye vibanda vya biashara na makarani waliokaa kutwa, hadi wabeba mizigo na wachochea makaa. Kwa watu wa kazi za mwili, mambo yalikwenda kama mtu angetarajia: aliyefanya kazi nzito zaidi alikula zaidi, na uzito wake ukatulia. Kwa waliokaa, mpango ulivurugika. Hawakula kidogo kuliko wa kazi nyepesi. Walikula zaidi, wengine sawasawa na wabeba mizigo, na ndio waliokuwa wazito kuliko wote.

Maana yake ni kwamba njaa haisomi barua ya ajira. Mtu akiacha kubeba magunia, tumbo haliteremshi madai yake kwa kiasi kilekile. Linaendelea kuomba posho ya zamani, na mama lishe, kwa wema wake, anaendelea kuitoa.

Hapa wengi wangeruka moja kwa moja hadi kwenye mbio: basi karani akimbie, arudishe jasho lililopotea. Ni ushauri wa kawaida, na serikali imeushikia bango. Desemba 2016, Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kitaifa na kutaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya kunyoosha viungo. Vikundi vya joging vimeenea mwambao mzima, na fulana zao za rangi moja zinapendeza kweli asubuhi.

Tatizo ni hesabu. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 huunguza takriban kilokalori 350. Joging ya Jumamosi kwa desturi huishia kwenye supu na chapati, na chapati mbili za mafuta peke yake huweza kurudisha zote na kuacha chenji. Bado supu haijahesabiwa, wala soda ya kusindikiza. Mwandishi wa safu hii hana ugomvi na supu ya pweza. Asiyeipenda hajafika Kilwa. Ila kuiita mazoezi ni kuipa cheo kisicho chake.

Ushahidi mgumu zaidi kumeza umetoka Tanzania hii hii, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza 30, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Watafiti waliwanywesha maji maalumu yenye atomi zinazoweza kufuatiliwa, kisha wakapima mkojo wao kwa siku 11 ili kujua mwili unatumia nguvu kiasi gani. Ilitarajiwa kuwa Wahadza watawaacha mbali watu wa maofisini wa Marekani na Ulaya. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa miili, matumizi yao ya nguvu kwa siku hayakutofautiana na ya wakaa vitini: kama kilokalori 2,600 kwa Mhadza mwanamume na 1,900 kwa Mhadza mwanamke. Inaelekea mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine.

Wataalamu bado wanabishana juu ya upana wa jambo hili, na ni kweli kwamba kuli aliyeacha ghala wiki iliyopita hawezi kulinganishwa moja kwa moja na Mhadza aliyetembea maisha yake yote. Lakini Bengal na Eyasi, pamoja na tofauti zao, zinaelekeza kidole mahali pamoja. Anayetaka kupunguza kilo baada ya kuhamia mezani aanze na sahani.

Je, basi akae tu? Hapana, na sababu yake inatoka kwenye mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alionyesha kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa waliugua na kufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya makondakta wao, waliokuwa wakipanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku. Miaka mitatu baadaye alifanya jambo la kijanja: akachukua kumbukumbu za sare na kulinganisha viuno vya suruali. Madereva walikuwa na viuno vinene zaidi, hata wale vijana. Lakini kondakta mnene naye alikingwa kuliko dereva mnene. Ngazi ziliusaidia moyo bila kusubiri kiuno kipungue.

Kwa hiyo kuna kazi mbili, na zisichanganywe. Kutembea kutoka nyumbani hadi ofisini Kilwa Masoko, mji ambao safari zake nyingi hazihitaji bodaboda, ni kwa ajili ya moyo, sukari na usingizi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016, uliojumlisha watu zaidi ya milioni 1, uliona kuwa dakika 60 hadi 75 za mwendo kwa siku huondoa karibu hatari yote ya kukaa saa 8. Hata namna ya kukaa ina maana: watafiti waliowafuata Wahadza, katika ripoti ya mwaka 2020, walikuta nao wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, ila sehemu ya muda huo wakichuchumaa na kupiga magoti, misuli ikiwa kazini. Bibi anayekuna nazi juu ya mbuzi amekaa, lakini hajakaa kama karani.

Kilo zenyewe zinaamuliwa kwenye mlo, na mwambao huu umejaliwa vyakula vya kurahisisha kazi hiyo. Samaki wa kuchoma, dagaa, pweza wa kuchemsha, kunde, kisamvu, matembele: hivi hushibisha na kuilinda misuli ambayo kazi ya zamani iliijenga. Misuli hiyo isipotumika na isipolishwa huyeyuka, na ndiyo maana wapo wanaoingia ofisini na kupungua uzito huku tumbo likikua. Wali hauna haja ya kufukuzwa. Unahitaji kupungua nusu, na samaki na mboga zichukue nafasi yake. Sukari ndiyo ya kutazamwa kwa jicho kali. Soda moja ya mililita 350 hubeba sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai, na chai ya ofisini, vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, huipita bila mtu kugundua.

Wala lengo si kurudia mwili wa kidato cha nne. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,200 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, uliwataka baadhi yao wapunguze asilimia 7 ya uzito na watembee dakika 150 kwa wiki. Waliopewa mpango huo hatari yao ya kuugua ilishuka kwa asilimia 58. Kwa karani wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo 6, kiasi ambacho jirani mwenye maswali huenda asikione. Anayetumia dawa za sukari au presha apitie kwanza kwa daktari, kwa kuwa dozi huweza kuhitaji kupunguzwa pamoja na mlo.

Lakini si haki kumwachia karani peke yake mzigo huu wakati mwajiri ndiye anayemlisha. Tazama kikao chochote cha ofisi ya umma, Lindi mjini au Kilwa Masoko. Saa nne huletwa sambusa mbili, andazi, yai na soda. Saa nane huja wali, chipsi, robo kuku na soda nyingine. Aliyehudhuria alikuja kwa gari, akaketi saa sita, akala zaidi ya kuli aliyeshusha lori zima. Fedha ni za bajeti, na mzabuni hupeleka kile kilichoandikwa kwenye oda. Wakurugenzi wanaovaa fulana za joging Jumamosi ndio wanaosaini oda hizo Jumatatu. Muhogo wa kuchemsha, maembe, matango, samaki na maji vinapatikana soko la Kilwa Masoko, vingi kwa bei isiyozidi ya sambusa na soda, na mwenye kuuza ni mwananchi wa hapo hapo. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai, na kabla ya hapo kuna vikao vya bajeti, ambavyo navyo vitataka vitafunio.