Damu Haijui Umri

Bwana aliyetuarifu gazetini kwamba himofilia ni maradhi ya watoto, na kwamba mtu mzima aliyekwisha kuyazoea hana haja ya kliniki mahsusi bali apange foleni kama wagonjwa wengine, ameandika kwa ufasaha. Lakini ufasaha haugandishi damu. Maradhi haya, ambayo asili yake ni upungufu wa protini ya nane au ya tisa miongoni mwa zile za kugandisha damu, hufuatana na mtu hata kaburini, na anayeyaita ya kitoto ningemsihi atazame goti la mtu mzima ambalo limevuja damu ndani kwa ndani tangu utotoni, hata sasa halikunjiki wala halinyooki. Mtu huyo akifikishwa hospitali usiku, amegonga kichwa, akapokewa na tabibu asiyeyajua maradhi yake, yamkini atangojeshwa picha ya kichwa, ilhali kanuni ni dawa ya kugandisha kwanza, picha baadaye. Au, kwa nia njema kabisa, atapewa aspirini, izidishayo kuvuja damu.

Tena, na hili ndilo lililonikera zaidi, wanawake hakuwataja hata kwa herufi moja, kana kwamba Erik von Willebrand, tabibu wa Finland, hakuandika mwaka 1926 habari za maradhi mengine ya kutoganda damu, yawapatayo wanawake pia, katika ukoo wa visiwa vya Åland ambamo baadaye binti wa miaka 13 alifariki kwa damu ya hedhi.

Ama gharama, naam, dawa ni ghali. Lakini kliniki hiyo anayoidharau ndiyo imwandikiayo mgonjwa kadi, yenye aina ya maradhi na kipimo cha dawa, ambayo tabibu wa zamu huisoma kabla hajashika sindano.