MZINGA BILA MAUA NI SANDUKU TUPU



Juzi tulikwenda kukagua mizinga yetu. Tuseme kweli, maana ubao huu si wa kupeana sifa. Zaidi ya nusu ya mizinga haina nyuki. Mmoja una mjusi, mwingine umejaa siafu. Tuliporudi tukakaa kikao, na kauli ya wengi ikawa hii: "Tuombe mizinga mingine."

Sisi katika Kamati tunasema hapana!

Ebu tuulizane. Mtu ana banda la mbuzi, na mbuzi wamemtoroka kwa njaa. Akijenga banda la pili, mbuzi watarudi? Mzinga ni banda tu. Malisho ya nyuki ni maua.

Wapo wanaonong'ona eti nyuki wamerogwa. Hakuna uchawi hapo. Nyuki wetu wa Afrika ana tabia ya kuhama. Akikosa chakula, akikosa maji au akichomwa moto, kundi zima linaondoka na malkia wake, wala hawaagi. Na nyuki haendi mbali sana kutafuta riziki. Mara nyingi ni ndani ya kilometa 3 hivi kutoka mzingani. Basi kila mmoja asimame pale kwenye mizinga, atazame hizo kilometa 3 zina nini. Zina visiki.

Nani kamaliza maua? Tusimtafute adui mbali.

Wa kwanza ni mkata mkaa. Anaangusha miyombo na mininga, anafunga magunia kwenye baiskeli, anapeleka Mwanga. Gunia linauzwa siku moja, nao mti umechukua miaka mingi kukua.

Wa pili ni mchoma pori. Mwezi wa 8 na wa 9 miyombo inachipua majani mekundu na kutoa maua hata kabla ya mvua. Ndipo mtu anatia kiberiti, anawinda panya! Anapata panya watatu, kijiji kinakosa asali.

Wa tatu ni mrina asali mwenye kienge. Anaunguza nyuki, anakata masega yote, hata yale yenye majana, hasazi kitu. Huyo hafugi nyuki, huyo ni mnyang'anyi. Nyuki mmoja maisha yake yote hatengenezi asali ya kujaza kijiko cha chai. Wewe unateketeza maelfu kwa usiku mmoja.

Wa nne ni mzee wetu, na tunasema kwa heshima: yule anayebandua gome la mti mbichi kutengeneza mzinga. Mti ukibanduliwa gome kuuzunguka, unakufa. Yaani tunaua mti unaomlisha nyuki ili tumjengee nyuki nyumba!

Na wa tano ni sisi viongozi wenyewe. Mizinga ya mbao ilipoletwa tulipiga makofi, tukapiga na picha. Hatukuuliza nyuki watakula nini. Kosa ni letu, tunalikubali mbele yenu.

Sasa wengine wanasema: "Ndugu Katibu, maua hayaliwi. Jembe langu ni la mihogo na maharage." Ndugu yangu, tazama boga lako. Mmea wa boga una maua dume na maua jike. Unga wa ua dume hauna miguu. Unabebwa na nyuki na wadudu wenzake. Usipobebwa, kiboga kinageuka njano, kinaanguka. Alizeti nayo ikitembelewa na nyuki inajaza punje. Nyuki ni kibarua asiyedai posho. Na wewe unayepulizia dawa ya wadudu saa nne asubuhi, maua yakiwa wazi, unamuua kibarua wako. Kama ni lazima, puliza jioni nyuki wakisharudi.

Mwaka 1980 ilikuwapo kampeni ya elimu ya watu wazima kwa redio, jina lake Misitu ni Mali. Watu walikaa kwa makundi, wakasikiliza, wakajadili. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa nao ulitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani. Ni vizuri. Lakini huku kwetu Mei mvua inakwisha. Mche ukiupanda siku hiyo unaupandia kufa. Siku yetu ya kupanda ni mvua ya kwanza, si siku ya hotuba.

Kwa hiyo Kamati inapeleka haya kwenye Mkutano Mkuu:

1. Fedha ya mfuko isinunue hata mzinga mmoja mpya mpaka hii iliyopo iwe na nyuki. Inunue mbegu na viriba vya miche.

2. Mvua zikianza, kila mwanachama apande milonge na kaliandra kuzunguka shamba lake. Kaliandra inalisha nyuki, inalisha mbuzi, inatoa na kuni. Kivumbasi kiachwe kichanue mipakani, kisifyekwe kama gugu.

3. Alizeti ipandwe kwa zamu, mwenzako leo, wewe baada ya wiki mbili, ili maua yasiishe siku moja.

4. Mei na Juni tufyeke njia za kuzuia moto. Kiangazi chote kuwe na doria ya zamu, na maji yawekwe karibu na mizinga.

5. Kurina ni kwa bomba la moshi tu. Masega yenye majana hayaguswi, na nyuki waachiwe akiba yao.

6. Gome la mti ulio hai lisibanduliwe tena.

Tunajua wapo watakaosema maneno haya ni makali. Mwiba wa nyuki nao ni mkali, lakini anautumia kulinda nyumba yake. Sisi nyumba yetu tunailinda na nini?

Asiyekubali aje mkutanoni aseme mbele ya watu, asiseme kilabuni. Anayekubali aje na jembe.

Ushirika ni nguvu, na nguvu ni kazi.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati.