WATAFITI WA IDADI YA WATU WATOKE PIA VIJIJINI

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,540,519 mkoani Rukwa. Mwaka 2012 walikuwa 1,004,539. Ongezeko hilo la zaidi ya nusu ladai madarasa, zahanati na ardhi. Ni nani, basi, atakayezichambua hesabu hizo?

Nafasi za masomo, kazi, fedha za utafiti na semina za mtandaoni zipo. Lakini kijana wa Msanzi, sawa na mwenzake wa visiwani, huenda akazisikia muda umekwisha.

Twazihimiza halmashauri zibandike matangazo hayo katika ofisi za kata, na zitenge fungu la kuwasomesha vijana katika Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam. Sensa ijayo isiwakute wakiwa wahesabiwa tu.