USALAMA NJIANI: Mutuka yenye volani iliyopinda

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani: kazini hakuna shofere anayepanda lori la mukoti bila kulizunguka kwanza. Anatazama pine, freni, taa, na mafuta yanayovuja chini. Akikuta kasoro anaiandika, na lori halitoki mpaka fundi alione. Sheria hiyo tunaijua wote na tunaishika, kwa sababu shefu yuko pale. Lakini kazi ikiisha, mutu yule yule anaingia katika mutuka yake ya zamani, anashika volani iliyopinda kidogo upande wa kushoto ili mutuka iende sawa, na anabeba muke wake na watoto wane kutoka Likasi mpaka Lubumbashi. Kilomita 120. Mutuka hiyo hakuna aliyeizunguka.

Mukimuuliza kuhusu volani, anajibu: «Niliizoea.» Neno hilo ndilo linaloniogopesha. Mukono umejifunza kurudisha mutuka kila mara, hata mwenyewe hajui tena kama anairudisha. Siku pine inapasuka mbele ya lori, ni mazoea gani yatamusaidia?

Tuseme kwanza jambo lenyewe. Pine mbili za mbele zinapaswa kutazama mbele karibu sawasawa, kama reli mbili za SNCC. Mafundi wetu wanaita jambo hilo paralelisme. Pine ikipinda kuingia ndani au kutoka nje, haibiringiki tu, inakokotwa pia. Fanyeni hesabu: ikipinda digrii 1, kila kilomita inasukumwa kando metre 17 na zaidi. Ukienda Lubumbashi na kurudi, ni kama umeikokota kwa ubavu juu ya gudroni zaidi ya kilomita 4. Ndiyo sababu pine mupya inaisha upande mumoja wakati upande mwingine ungali na meno mazuri. Pitisha kiganja juu ya mupira, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kama njia moja ni laini na nyingine inakwaruza kama musumeno, hauna haja ya kungoja fundi akuambie.

Watu wanasema paralelisme ni ghali. Mimi siwezi kukubali. Nenda uulize bei ya kupima na kurekebisha mara moja, kisha uulize bei ya pine mbili, uweke karatasi hizo mbili juu ya meza siku ya mushahara. Bibi yako ahesabu, kwa maana yeye ndiye anayejua franka zinaishia wapi. Nimeona mutuka zenye redio mpya, viti vipya na rangi inayongaa, lakini pine za mbele zinaonyesha nyuzi.

Hata hivyo siwatetei mafundi wote. Kuna garaje ambako watakupimia paralelisme, watapokea franka, na watakuacha uende na rotili iliyolegea. Kazi hiyo ni bure. Rotili ikicheza, pine haibaki pahali ilipowekwa, na kwenye dodani ya kwanza vipimo vyote vinaharibika. Kuna utaratibu, na musikubali mutu augeuze: kwanza upepo wa pine, kisha rotili, fimbo za volani, ruloma na silenbloku, na paralelisme mwisho. Kwa mituka mingi midogo ya zamani, kinachorekebishwa mbele bila kubadilisha piesi ni paralelisme peke yake. Fundi akisema amerekebisha pia namna pine inavyoinama juu na chini, mwombeni awaonyeshe amegusa nati gani.

Rotili inakufa namna gani? Ina kofia ndogo ya mupira. Kofia ikipasuka, wakati wa kiangazi vumbi yetu nyekundu inaingia, na mvua zikianza maji yanaingia, na chuma kinaanza kusaga chuma. Kofia yenyewe ni kitu kidogo sana. Rotili ikichomoka mutuka ikikimbia, pine inageukia upande wake yenyewe, na volani inabaki mikononi mwako kama sahani.

Kuijaribu si kazi ngumu. Simamisha mutuka pahali sawa, vuta freni ya mukono, weka mawe nyuma na mbele ya pine za nyuma, inua upande mumoja kwa kriki, kisha weka kitako cha chuma chenye nguvu. Shika pine mukono mumoja kushoto na mwingine kuume, itikise. Ikicheza, tafuta kwenye fimbo na rotili za volani. Kisha shika juu na chini, itikise tena. Ikicheza hapo, pengine ni ruloma au rotili ya chini. Na hapa nasema kwa nguvu yote: musiingie hata kichwa tu chini ya mutuka iliyobebwa na kriki peke yake. Kazini hakuna anayesimama chini ya muzigo unaoning'inia. Kwenye lupango yako uzito wa chuma ni ule ule.

Paralelisme yenyewe munaweza kuichunguza kwa chaki na metre ya kupimia. Volani itazame mbele. Piga alama katikati ya kila pine ya mbele, upande wa mbele, kwa urefu mumoja kutoka chini, na mupime kati ya alama hizo mbili. Sukumeni mutuka polepole kwenda mbele mpaka alama zifike nyuma kwa urefu ule ule, mupime tena. Tofauti ya milimetre 1 au 2 isiwasumbue. Ikifika 5 au zaidi, pelekeni mutuka kwa fundi mwenye mashine. Hicho si kipimo cha kurekebishia, ni cha kujua tu kama safari ya garaje ni ya lazima.

Tena, volani ikivuta musikimbilie kulaumu paralelisme. Njia yenyewe imeinama kidogo kando ili maji yatiririke. Pine moja inaweza kuwa na upepo kidogo, au freni ya upande mumoja inashika. Kwa hiyo pimeni upepo asubuhi, pine zikiwa baridi, kila juma.

Juu ya pine za okazio, neno moja. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu 4 za mwisho: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mupira unazeeka hata ukilala katika duka. Meno marefu yasiwadanganye.

Mafuta ya motere, maji ya radiateri na freni sitayarudilia leo; munayajua.

Ninasisitiza kwa sababu ya njia tuliyo nayo. Kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunatembea pamoja na malori ya shaba, ya chokaa, ya asidi. Mwezi wa pili mwaka 2019, huko Kabwe, lori la asidi liligongana na basi na watu wengi walikufa. Sisemi kwamba pine ndizo zilizoleta aksida hiyo. Nasema kwamba kando ya lori la namna hiyo mutu anahitaji mutuka inayobaki katika mustari wake. Wengi wetu tuna mituka yenye volani kuume, na ili kuona mbele ya lori tunapaswa kutoa pua nzima ya mutuka upande wa wanaokuja.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inahesabu aksida ya njia ya kwenda kazini na kurudi nyumbani kuwa aksida ya kazi. Basi kampuni nayo ina sehemu yake. Naomba garaje ya kazi ifunguliwe kwa mituka yetu Siku ya Posho mara mbili kwa mwaka: mwezi wa nne mvua zikiisha, wakati mashimo yamekwisha kutupiga, na mwezi wa tisa kabla hazijarudi. Si kwa kutengeneza bure. Fundi aitikise pine, apime, aandike karatasi, na kila mutu aipeleke karatasi yake kwa garaje anayoichagua. Na mukitoka kule, jaribuni mutuka mbele ya fundi pahali sawa: volani ikiwa bado imepinda, arudie kazi kabla hamujalipa.