Cha Dezo Kina Mwenyewe

Tuambiane ukweli. Biashara ya wifi ya mtaani, ile ya vocha ya shilingi kumi inayowalisha vijana kutoka Likoni hadi Kisauni hadi Changamwe, imesimama juu ya kazi za watu ambao hatuwajui na hatujawalipa. Kutowalipa si kosa, maana wenyewe walisema chukueni. Kosa ni kuwafuta majina, kisha kumfungia mnunuzi mlango ambao wao waliuacha wazi.

Tazama ruta iliyopigwa msumari juu ya kibaraza pale Mtopanga au Mtongwe. Ikiwa ni MikroTik, ndani yake mna Linux, na ruta nyingi nyingine ni hivyo hivyo. Kwenye seva inayohesabu dakika za mteja, huenda ukakuta FreeRADIUS. Na ule ukurasa unaokuuliza namba ya simu kabla M-Pesa haijaitisha PIN, huenda umejengwa juu ya PHPNuxBill, programu iliyoanzia kwa Waindonesia. Linux, FreeRADIUS, PHPNuxBill: zote tatu zimetolewa chini ya leseni ya GPL.

Sasa muulize fundi aliyekuuzia mfumo wako leseni hiyo inasema nini. Atakucheka. "Ah, hiyo ni opensosi bana, ni ya bure." Ati ya bure! Na wapo mafundi ambao, wakishasema hivyo, wanafuta jina la mwandishi, wanabandika nembo yao, wanaufumba msimbo kwa kifaa kama ionCube usiweze kusoma hata mstari mmoja, halafu wanakudai maelfu. Kazi wanayoifumba iliandikwa ili isomwe. Huo ni wizi, na tuuite hivyo.

Skiza, GPL haimkatazi mtu kuuza. Uza hata kwa laki moja, leseni haina neno. Inachotaka, tangu toleo lake la pili la mwaka 1991, ni hiki: ukimpa mtu nakala ya programu, mpe na msimbo wake, pamoja na mabadiliko uliyoyatia wewe. Mwachie haki zilezile ulizozikuta, yaani kusoma, kurekebisha na kuwapa wengine. Jina la mwandishi na maneno ya leseni yabaki mahali pake. Hapo hakuna hesabu ngumu wala ada ya kulipa.

Watu hudhani sharti hili liliwekwa ili mwandishi asifiwe. La, anayelindwa zaidi ni mnunuzi. Tuseme una wateja mia mbili kule Kiembeni. Asubuhi moja unaamka, malipo yanaingia lakini vocha hazitoki, kwa sababu kuna kitu kimebadilika pale mfumo wako unapoungana na Daraja ya Safaricom. Wateja wamejaa mlangoni wanataka chao. Fundi hashiki simu, ameshakwenda Doha kutafuta riziki. Ukiwa na msimbo, unaita fundi mwingine, anakesha nao, kesho yake kazi inaendelea. Ukiwa na faili lililofumbwa, unanunua mfumo upya na wateja wameshahamia kwa jirani. Na haki ya kupewa msimbo ule ulikuwa nayo tangu siku uliyolipa. Kwa hiyo aliyeibiwa si Mwindonesia peke yake, hata wewe umeibiwa, tena kwa risiti.

Kama unaona haya ni maneno ya vitabuni, angalia historia ya ruta zenyewe. Mwaka 2003 ilijulikana kwamba ruta ya Linksys WRT54G inaendeshwa na Linux, na wanunuzi hawakuwa wamepewa msimbo. Linksys ilikuwa imenunuliwa na Cisco mwaka huohuo. Watu walidai, wakakomaa, msimbo ukatolewa. Kutokana na msimbo huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, na leo fundi yeyote wa Chaani anaweza kuuchukua, akaitia uhai ruta ya zamani ambayo kiwanda kilishaisahau. Hilo ndilo tunda la sharti ambalo mafundi wetu wanaliona usumbufu.

Mwaka huohuo wa 2004, mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamua kwamba masharti ya GPL yana nguvu ya sheria, katika kesi ya Harald Welte dhidi ya Sitecom, kampuni nyingine ya vifaa vya mtandao. Na usiniambie Ujerumani ni mbali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, daraja moja na riwaya na shairi. Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1993, kwa hiyo kazi ya Mwindonesia inalindwa hapa kama ya mwandishi wa Bombolulu. Ruhusa pekee uliyo nayo ni ile leseni. Ukiyavunja masharti yake, ruhusa imekwisha, na umebaki umeshika mali ya mtu.

Wewe unayesoma jarida hili ungepanda mori ukikuta hadithi yako inauzwa kwa jina la mtu mwingine. Mbona msimbo tunauonea?

Najua jibu. "Sisi tunatafuta unga, hayo mambo ya leseni ni ya wazungu." Kwanza, Waindonesia si wazungu. Pili, Ushahidi ilizaliwa hapa Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati nchi inawaka moto baada ya uchaguzi. Msimbo wake uliachwa huru, na mwaka 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kumbe nasi ni watoaji, si wapokeaji tu. Siku kijana wa Likoni atakapoandika kitu ambacho dunia inakitaka, atalindwa na sheria hizihizi tunazozikanyaga leo. Umaskini unakupa sababu ya kuchukua cha bure, haukupi sababu ya kumnyima mwenzako maskini.

Wajanja nao watasema: mimi siuzi nakala, nakodisha huduma kwa mwezi kutoka seva yangu. Kweli, hapo GPL haikushiki. Ndiyo sababu mwaka 2007 ikatoka AGPL, ambayo ukiibadilisha programu yake, inampa haki ya msimbo hata mtu anayeitumia kupitia mtandao. Kwa hiyo soma kwanza umebeba ipi. Na kama nia yako ni kuifunga kazi yako, hukukatazwa, ila jenga juu ya programu zenye leseni za MIT, BSD au Apache. Hizo kimsingi zinataka uhifadhi majina na maneno ya leseni, basi. Ile sehemu ya M-Pesa uliyoiandika mwenyewe ni jasho lako. Lakini ukiishona ndani ya programu ya GPL na kuiuza kama nguo moja, nayo imeingia kwenye sharti. Hakuna aliyekulazimisha kuishona hapo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye biashara ya programu afungue daftari: kila kipande alichotumia, toleo lake, leseni yake, na alikokitoa. Ni kazi ya mchana mmoja. Siku mteja mkubwa atakapouliza ndani ya mfumo wako mna nini, utajibu bila kutokwa na jasho.

Nawe mwenye wifi, kibali cha kaunti umekitundika ukutani ili askari wakija wakikute. Usiwe mpole kwa fundi. Kabla hujatoa pesa, muulize mambo matatu: mfumo huu umejengwa juu ya programu gani? Leseni yake ni ipi? Msimbo utanipa lini? Akikwambia programu ni ya GPL lakini msimbo hatoi, usibishane naye. Rudisha pesa mfukoni, mpigie fundi mwingine.