Nyimbo zetu ni mali bila daftari

Abiria anayepanda matatu ya nambari 58 kutoka Buru Buru kuelekea katikati ya jiji la Nairobi asubuhi hushuhudia jambo ambalo sisi walimu wa lugha hatujalitafakari vya kutosha. Vijana waliovalia sare za shule, mikoba magotini, huimba neno kwa neno nyimbo zinazopigwa garini. Hawakosei ubeti wala hawasahau kiitikio. Hakuna aliyewalazimisha kuzikariri, na hakuna mtihani utakaowauliza habari zake.

Vijana hao hao wanapofika darasani na kutakiwa kutaja aina za nyimbo katika fasihi simulizi, hujibu kama kasuku: kimai ni nyimbo za mabaharia, wawe ni za wakulima, nyiso ni za jandoni, mbolezi ni za matanga, hodiya ni za kazi. Majibu hayo ni sahihi na alama watazipata. Lakini yumkini mwanafunzi wa Dandora hajapata kumsikia baharia akiimba, na mwenzake wa Kayole hajawahi kushika jembe. Nyimbo anazozijua kwelikweli hazimo katika jibu lake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba nazo pia ni fasihi.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nyimbo zilizoimbwa na zinazoimbwa katika mitaa ya Eastlands ni mali, na sehemu kubwa yake haina daftari. Pendekezo langu kwa walimu na wanafunzi ni jepesi, wala halihitaji fedha za wizara. Kila mwanafunzi na awe na daftari la nyimbo. Aandike humo kila siku habari za wimbo mmoja uliomgusa, na mara moja kwa juma awasomee wenzake ukurasa anaoupenda.

Kabla ya kueleza namna ya kulitumia daftari hilo, yafaa tuone hasara ya kutokuwa nalo. Hapana wimbo wa Kiswahili uliotambulikana duniani kuliko Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi karibu na wakati wa Uhuru, naye Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaueneza katika mabara mengine. Hata hivyo, hadi leo watu hubishana juu ya aliyeutunga. Wako wanaomtaja Fadhili William, na wako wanaoshikilia kwamba mtungaji ni Adam Salim wa Tanganyika. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba ingalikuwa rahisi kuiamua lau mmoja wa waliousikia mapema angaliandika mistari mitatu tu: nimeusikia wimbo huu leo, mahali fulani, ukiimbwa na fulani.

Aidha, mashahidi hawatusubiri. Fundi Konde alifariki mwaka 2000. Fadhili William alifuata mwanzoni mwa mwaka 2001, na Daudi Kabaka akatutoka kabla ya mwaka huo kwisha. Katika muda wa miezi isiyozidi kumi na minane tuliwapoteza watatu kati ya watu waliouunda muziki wa Kiswahili wa Kenya. Asasi ya Ketebul Music, inayoongozwa na Tabu Osusa, imefanya kazi ya kusifika tangu mwaka 2007 kwa kurekodi wanamuziki wakongwe na kuhifadhi historia yao. Lakini asasi moja haiwezi kuingia katika kila nyumba ya Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho. Mwanafunzi yumo tayari ndani ya nyumba hizo.

Wengine watasema kwamba jambo hili la madaftari ni geni kwetu. Sivyo. Twende Mombasa ya karne ya kumi na tisa. Muyaka bin Haji, malenga aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi juu ya siasa, bei za vitu, mapenzi na ugomvi wa majirani. Watu waliyapokea kwa masikio na kuyahifadhi vifuani. Zaidi ya miaka arubaini baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, naye mshairi wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika. Mmishonari William Taylor akayapokea, na miswada hiyo ikafika London. Mwaka 1940 William Hichens aliyachapisha kama Diwani ya Muyaka. Tungo tunazozifundisha leo kwa fahari zimetufikia kwa sababu mtu mmoja aliona haya kuziacha zife na wazee waliozikumbuka.

Tukumbuke pia kwamba mashairi ya Muyaka hayakuwa ya maktabani. Yalikuwa maneno ya mjini, yenye lahaja ya Kimvita na mafumbo ambayo mgeni hakuyaelewa. Kwa jinsi hiyo hayakuwa mbali na nyimbo za vijana wa leo. Msomi mmoja alilitambua hilo mapema. Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka 1979 kitabu kikuu juu ya Muyaka. Mwaka 1997, akishirikiana na Ken Osinde, alichapisha makala juu ya Sheng. Mkono ule ule ulioshughulikia ushairi mkongwe wa Mombasa ulishughulikia usemi wa vijana wa Nairobi, na haukuona aibu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Sasa turejee kwenye daftari. Mwanafunzi asinakili wimbo mzima, kwani maneno yake mara nyingi hupatikana kwa urahisi simuni, na tena ni mali ya mtungaji. Aandike yale ambayo simu haiyajui. Mambo matano yatosha: jina la wimbo na mwimbaji, mahali na saa ulipousikia, nani alikuwapo na alisema nini, neno moja lililokushangaza na maana yake, na mwisho, kwa nini wimbo huo ulikugusa siku hiyo. Hii ni kazi ya dakika kumi kabla ya kulala.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa kidato cha tatu mtaani Jericho anaandika kwamba Jumanne jioni nyanya yake alikuwa akikatakata sukuma wiki, redio ikapiga Msichana wa Elimu wa Daudi Kabaka. Nyanya akanyamaza. Alipoulizwa, akaeleza kwamba yeye aliondolewa shuleni akiwa darasa la tano ili karo itumike kwa kakake, na kila wimbo huo ulipopigwa zamani aliinuka kwenda kuizima redio. Siku hiyo hakuizima. Hayo hayamo katika sahani ya santuri wala hayamo simuni. Yakiandikwa, msichana amejifunza insha, amejifunza historia, na amemfahamu nyanya yake. Yasipoandikwa, yatazikwa siku moja na mwenyewe.

Naijua hoja itakayotolewa na baadhi ya walimu wenzangu. Watauliza: je, hatutakuwa tumeifungulia Sheng mlango wa darasa, nasi kila mwaka twalalamika kwamba inaharibu insha za watahiniwa? Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Mwanafunzi asiyeweza kuandika Kiswahili sanifu atafungiwa milango mingi, na mwalimu anayemdanganya kwamba haidhuru humdhulumu. Lakini daftari ninalolipendekeza haliandikwi kwa Sheng. Linaandikwa kwa Kiswahili sanifu, juu ya nyimbo za lugha yoyote. Mwanafunzi anayejaribu kueleza kwa Kiswahili fasaha maana ya neno la Sheng alilolisikia Umoja analazimika kutafuta visawe, kupima ngeli na kuunda ufafanuzi. Kuzipambanua lugha mbili kwa namna hiyo ndiyo njia ya kuacha kuzichanganya.

Zaidi ya hayo, nyimbo zenyewe ni hazina ya mifano ya isimu. Mwaka 2002 wasanii Gidi Gidi na Maji Maji walitoa Unbwogable, wimbo ambao muungano wa NARC uliugeuza kuwa kauli ya kampeni yake ya Desemba mwaka huo. Litazameni neno hilo. Mzizi wake ni wa Kidholuo, bwogo, wenye maana ya kutisha. Kiambishi awali na kiambishi tamati ni vya Kiingereza. Nchi nzima ililielewa bila kamusi. Mwalimu anayefundisha mofolojia ataupata wapi mfano bora kuliko huo? Kalamashaka wa Dandora nao, mwishoni mwa miaka ya 1990, waliuita wimbo wao uliowapa jina Tafsiri Hii. Jina lenyewe ni amri kwa msikilizaji, nasi walimu wa lugha hatujaitii.

Daftari litatusaidia pia kukamata maneno kabla hayajatoroka. Miaka ya 1990 matatu yenye mapambo na muziki mkali iliitwa manyanga. Kijana wa leo huiita nganya. Sikio husikia undugu wa maneno hayo mawili, lakini ni nani aliyeandika siku ambayo moja liliacha kusemwa katika mtaa wake na jingine likaanza? Madaftari arubaini ya darasa moja la Makadara yangetupa ushahidi ambao mtafiti hawezi kuupata kwa dodoso za siku mbili.

Iko hoja ya pili, nayo ni ya maadili. Nyimbo nyingine za vijana, hasa baadhi ya zile za gengetone zilizovuma tangu mwaka 2018, zina matusi ambayo mzazi hawezi kuyasikiliza mbele ya watoto wake. Ni kweli. Lakini nyimbo hizo wanafunzi wanazisikia tayari, na wanazisikia pasipo mtu wa kujadiliana naye. Anayeandika kila siku kwa nini wimbo ulimgusa hujifunza kujiuliza kama kweli ulimgusa au ulimtikisa mabega tu. Hilo ni zoezi la uhakiki, na marufuku haijawahi kulifanya.

Kuhusu kushirikishana, nina tahadhari mbili. Ya kwanza, mwanafunzi ndiye achague ukurasa wa kusomea wenzake. Wimbo huweza kufungua jambo la nyumbani ambalo si la kutangazwa, na daftari likigeuka kuwa njia ya kuaibishana, litafungwa. Ya pili, mwalimu asilitoze alama wala asilijaze wino mwekundu. Asahihishe insha kwenye daftari la insha. Mwanafunzi akijua kwamba anapimwa, ataandika kila siku habari za wimbo wa taifa, na tutakuwa tumerudi kwa kasuku wetu. Mwalimu naye alete daftari lake, asome kama wengine. Wanafunzi watafurahi kujua kwamba mwalimu wao aliwahi kuwa kijana.

Swali la muda nalo lina jibu. Kipindi kimoja cha Ijumaa, dakika arubaini, huwatosha wanafunzi wanne kusoma na wenzao kuuliza. Hicho ni kipindi cha kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, stadi zote nne ambazo mtaala hututaka tuzifundishe.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa mitaa yenyewe inabadilika. Pumwani ilianzishwa miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Katika kumbi zao watu waliocheza dansi ndio hao hao waliohutubiwa juu ya haki zao. Leo ipo mipango ya kubomoa baadhi ya nyumba kongwe za Eastlands na kusimamisha maghorofa mahali pake. Sipingi watu kupata makao mema. Lakini familia zikihamishwa, majirani waliojua wimbo gani uliimbwa katika harusi ya nani hutawanyika, na hakuna ramani itakayowakusanya tena. Serikali huhesabu nyumba kabla ya kuzibomoa. Nani atahesabu nyimbo?

Mwalimu Sikujua hakungoja kuagizwa na wizara. Alikuwa na kalamu, alikuwa na masikio, na aliwajua wazee waliokumbuka. Mwanafunzi wa Eastlands anavyo vyote hivyo, na daftari la kurasa 96 huuzwa katika kila duka la mtaa. Aanze leo jioni kwa wimbo ule alioushukia nao matatuni, kisha amwulize mkubwa wake nyumbani: wewe ulikuwa ukiimba nini ulipokuwa rika langu?